Vinu vya Minneapolis, maghala ya Chicago, na ghala lenu la Makambako

*"Shikamoo mtaalamu. Nafanya biashara ya mahindi na nina mashine moja ya kukoboa na kusaga hapa Makambako. Mtoto wa dada yangu anaishi Minneapolis, Marekani. Juzi kanitumia picha ya kinu kilichoungua kando ya mto, zimebaki kuta tu, akasema unga wa hapo ulikuwa unalisha nusu ya dunia. Nilipoulizauliza, wengine wakaniambia matajiri wale walifanikiwa kwa sababu ya mitambo mikubwa. Wengine wakasema waliwanyonya wakulima na kuuza nafaka isiyokuwepo. Ukweli ni upi? Na kama walikuwa na nguvu hivyo, kwa nini kinu kimebaki gofu? Nauliza kwa sababu tuko watu 11, tunataka kuchanga tujenge ghala moja, tuchanganye mahindi yetu na kuyauza kwa pamoja. Sitaki tuingie kwenye shimo ambalo wenzetu walishatumbukia."*

Marahaba, ndugu yangu. Nitakujibu yote uliyouliza, lakini nianze na lile ambalo hukulitamka na naona ndilo linalokusumbua: ukishamwaga mahindi yako kwenye lundo la watu 11, utajuaje kwamba kitakachokurudia kina thamani ya ulichopeleka? Wakulima wa Illinois na Iowa walilala na swali hilohilo zaidi ya miaka 150 iliyopita. Historia ya biashara ya nafaka katika Magharibi ya Kati ya Marekani, ukiondoa majengo na majina makubwa, kwa sehemu kubwa ni historia ya kulitafutia jibu.

Kwanza hiyo picha. Gofu hilo nalijua, nimesimama ndani yake. Ni kinu kilichoitwa Washburn A, na leo ndani ya kuta zake kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2003. Hakikulisha nusu ya dunia, mjomba wake asidanganyike. Ila Minneapolis kwa takriban miaka 50, kuanzia 1880 hadi 1930, uliongoza kwa kusaga unga wa ngano Marekani nzima, na mwaka 1916 vinu vyake vilitoa zaidi ya mapipa milioni 18, pipa moja likiwa na karibu kilo 89. Ni unga mwingi mno. Lakini ili uelewe ulitoka wapi, tuondoke Minneapolis kwanza twende Chicago, maana ndiko ilikoanza ile karatasi iliyobadilisha kila kitu.

Mpaka miaka ya 1840 ngano ya huko ilisafiri kama mahindi ya kwetu yanavyosafiri, ndani ya magunia. Gunia lilikuwa na mwenyewe. Liliposhushwa bandarini lilikuwa bado la mkulima fulani au la mwenye duka aliyemkopesha, mpaka mnunuzi alifungue, atie mkono mpaka chini, anuse, ang'ate punje mbili tatu, ndipo wapatane bei. Makuli walibeba mgongoni, gunia moja moja, kutoka mashuani hadi ghalani. Nafaka ikiwa kidogo, utaratibu huo unatosha kabisa.

Mwaka 1842, katika mji wa Buffalo kwenye Maziwa Makuu, mfanyabiashara Joseph Dart na fundi Robert Dunbar walijenga ghala lenye injini ya mvuke. Fikiria mkanda mrefu unaozunguka, umepigiliwa ndoo ndogo ndogo. Unashushwa ndani ya tumbo la meli, ndoo zinazoa nafaka, zinapanda nayo hadi juu ya jengo, zinamimina kwenye mizani, halafu nafaka inateremka yenyewe kwa uzito wake mpaka kwenye vihenge vikubwa. Hakuna gunia na hakuna kuli. Kazi ya siku nyingi ikawa ya saa chache.

Chicago waliudaka ufundi huo haraka. Mwaka 1848 peke yake mji ule ulipata mfereji unaounganisha Ziwa Michigan na mto Illinois, reli yake ya kwanza, simu ya maandishi, na chama cha wafanyabiashara 82 kilichoitwa Chicago Board of Trade. Reli ndiyo iliyolazimisha mabadiliko. Behewa lililojaa ngano halina muda wa kungoja mtu ang'ate punje. Linamwagwa, linarudi shambani. Na likishamwagwa, ngano ya mzee mmoja inalala juu ya ngano ya jirani yake. Hapo ndipo penye swali lako.

Jibu lao lilikuwa daraja la ubora. Mwaka 1856 chama kile kiliigawa ngano katika makundi: nyeupe ya majira ya baridi, nyekundu ya majira ya baridi, na ile ya majira ya kuchipua. Miaka michache baadaye wakaongeza viwango vya ubora ndani ya kila kundi, pamoja na wakaguzi. Mkulima au dalali akipeleka ngano, inakaguliwa, inapimwa, inamwagwa pamoja na nyingine za daraja hilo, naye anapewa stakabadhi. Stakabadhi haikusema "ngano ya fulani". Ilisema mwenye karatasi hii ana haki ya kupewa busheli kadhaa za daraja fulani. Busheli ya ngano ni paundi 60, kama kilo 27. Ya mahindi ni paundi 56, kama kilo 25.

Tulia kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo utajiri ulipozaliwa. Karatasi hiyo iliweza kuuzwa asubuhi, ikauzwa tena mchana, ikapelekwa benki kuombea mkopo jioni, na ngano yenyewe haijasogea hata hatua moja. Kwa hiyo kwa swali lako la kwanza, kama ni mitambo au la: mashine zilirahisisha kazi, lakini kilichowatajirisha ni kule watu wasiojuana kuiamini mizani na daraja. Na kwa kuwa thamani yote ilikaa kwenye mizani na daraja, wizi nao ulihamia hukohuko. Sisi tunaijua lumbesa: mnunuzi anashonea gunia kilemba na kukulipa gunia moja. Wao waliiondoa lumbesa ya gunia, ikazaliwa ya karatasi.

Nikuonyeshe ilivyokuwa. Katika miaka miwili kati ya 1910 na 1912, maghala makubwa ya Minneapolis yalipokea kama busheli milioni 15.5 za ngano ya daraja la juu iliyoitwa "Namba 1 ya Kaskazini". Katika muda huohuo yalitoa kama busheli milioni 20 za daraja hilohilo. Zile milioni nne na zaidi zilitoka wapi? Daraja lina kima cha chini. Ukichukua ngano iliyovuka kima kwa mbali ukaichanganya na iliyokosa kidogo, lundo zima linapita. Mkulima alilipwa bei ya Namba 2. Ilipotoka mlango wa pili ilikuwa Namba 1. Niseme kwa haki: kusafisha, kukausha na kuchanganya ni kazi halali, ina gharama, na inastahili malipo. Kosa ni kwamba aliyeweka daraja na aliyefaidika na daraja walikaa chumba kimoja, na mkulima hakuwa na mtu wa kumwakilisha humo.

Kulikuwa na mabaya zaidi. Kampuni ya Munn na Scott, wenye maghala makubwa Chicago, ilianguka mwaka 1872, ikabainika walikuwa wameweka sakafu za mbao karibu na mdomo wa vihenge na kumwaga ngano juu yake, ili mkaguzi akichungulia aone kihenge kimejaa. Stakabadhi zilikuwa mikononi mwa watu; ngano haikuwepo. Kwa hiyo hao waliokuambia habari ya "nafaka isiyokuwepo" hawakusema uongo, ila jambo hilo ulitenganishe na la pili nitakalolieleza, maana watu huyachanganya.

Wakulima walikuwa wameshaanza kujipanga kupitia chama chao cha Grange kilichoanzishwa mwaka 1867. Jimbo la Illinois lilipitisha sheria mwaka 1871 kuweka ukomo wa ada za maghala, kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1877 mahakama ikasema biashara ambayo umma hauna namna ya kuikwepa inaweza kuwekewa masharti na serikali. Kesi hiyo imebeba jina la Munn mpaka leo.

Sasa hilo la pili. Machi 1851 watu wawili waliandikiana Chicago mkataba wa busheli 3,000 za mahindi, yaletwe Juni, kwa bei ya senti moja pungufu ya ile ya siku hiyo. Mahindi hayakuwa mezani, lakini hakuna aliyeibiwa. Kufikia 1865 chama kilikuwa na kanuni rasmi za mikataba ya namna hiyo, na mingi ikawa inamalizwa kwa kulipana tofauti ya bei bila gunia kusogea. Wewe mwenye mashine utaelewa faida yake. Tuseme kinu kinanunua ngano Oktoba kwa dola 1 ili kiuze unga Machi. Bei ikishuka mpaka senti 80, kimeumia senti 20 kwa kila busheli. Lakini kama siku ya kununua kilishauza mkataba wa Machi kwa dola 1, kitaununua tena kwa senti 80, na senti 20 zinarudi kwa mlango huo. Bei ikipanda, kitafaidi kwenye ngano na kulipia kwenye mkataba. Kwa hiyo mwenye kinu anabaki kula kwenye kusaga, hachezi bahati nasibu na bei. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ilikubali kwamba biashara hiyo ni halali, tofauti na vibanda vya kubahatisha vilivyokuwa vikipokea pesa za watu bila soko lolote nyuma yake.

Je, ilitumiwa vibaya? Sana. Septemba 1888 Benjamin Hutchinson alihodhi ngano ya Chicago mpaka busheli ikafika dola 2, na walioahidi kuleta wakakosa pa kuinunua ila kwake. Serikali ilichelewa, sheria ya viwango vya nafaka ilikuja 1916 na ya hiyo mikataba ya kuleta nafaka baadaye ikaja 1922. Sikufichi msimamo wangu: soko la mikataba lenye usimamizi ni chombo cha kufaa, na lisilo na usimamizi hummaliza mdogo kwanza.

Turudi Minneapolis. Mji ulikaa penye maporomoko makubwa pekee ya asili katika mto Mississippi. Wadakota, wenye nchi ile, huyaita Owámniyomni, na ni mahali patakatifu kwao. Ngano iliyosagwa pale ilitoka katika ardhi waliyoondolewa. Maji yalitoa nguvu, ila ngano ya kaskazini ilikuwa na kasoro. Baridi kali iliwalazimu kupanda majira ya kuchipua, na punje yake ina ganda kavu linalopasuka vipande vidogo chini ya mawe. Unga ukatoka na madoa ya pumba, ukauzwa kwa bei ya chini. Sehemu bora ya kiini, zile chenga ngumu zinazofanya mkate uumuke vizuri, ilibaki imeshikana na pumba na kuuzwa kama takataka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, katika kinu cha Cadwallader Washburn, fundi Edmund LaCroix alitengeneza chombo cha kuzisafisha chenga hizo. Ni chekeche la kitambaa linalotikisika huku upepo ukipuliza toka chini. Pumba nyepesi inaelea na kuchukuliwa. Chenga nzito inapita na kwenda kusagwa tena. Umeshawaona mama zetu wakipepeta kwa ungo. Kanuni ni ileile. Chenga iliyokuwa takataka ikatoa unga mweupe na wenye nguvu kuliko wowote sokoni. Muda mfupi baadaye mawe yakaachwa, yakaingia magurudumu ya chuma kwa mfano wa vinu vya Hungaria. Hapa basi mashine zilitajirisha watu kweli, kwa sababu zilitibu ugonjwa wa ngano ile hasa. Charles Pillsbury, aliyefika mjini mwaka 1869, mwaka 1881 alifungua kinu kilichokuwa kikubwa kuliko vyote duniani.

Gharama nyingine haionekani kwenye picha. Jioni ya 2 Mei 1878 kinu cha Washburn A cha kwanza kililipuka na watu 18 wakafa. Vumbi la unga ndilo lililolipuka. Unga uliolala kwenye gunia huungua taratibu, lakini ukielea hewani kila chembe imezungukwa na hewa, na cheche moja inatosha kuziwasha zote kwa mara moja. Kilichojengwa upya mwaka 1880 ndicho unachokiona kwenye picha. Wewe una mashine ya kusaga, ndugu yangu: tafadhali usiruhusu sigara wala kuchomelea chuma mle wakati vumbi linaelea, na nyaya zilizovuliwa zifungwe wiki hii.

Kwa nini basi pamebaki gofu? Moto wa 1991 uliunguza jengo lililokuwa limeshafungwa tangu 1965. Biashara ilikuwa imehama mapema zaidi, na iliyoihamisha ni nauli. Katika miaka ya 1920 viwango vya nauli za reli viligeuka vikawa havimfai msagaji wa Minneapolis. Kansas City ulikuwa karibu na ngano ya majira ya baridi ya Kansas. Buffalo uliletewa ngano kwa meli za Maziwa Makuu, ikiwamo ya Kanada iliyoruhusiwa kusagwa bila ushuru ili isafirishwe nje, na ulikuwa karibu na walaji wa mashariki. Mwaka 1930 Buffalo ukaipita Minneapolis. Kampuni zenyewe hazikufa: Washburn-Crosby ilikuwa na kinu Buffalo tangu mwanzoni mwa karne, na mwaka 1928 iliungana na wengine kuwa General Mills. Kinachozeeka mahali pamoja ni jengo. Mwenye biashara aliufuata unafuu. Na usidhani walianza wakubwa: Cargill, ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nafaka duniani, ilianza mwaka 1865 kwa ghala moja la William Wallace Cargill mwisho wa reli, huko Conover, Iowa, kijiji ambacho siku hizi karibu hakipo.

Sasa ghala lenu. Mfano utakaowafaa watu 11 ni wa Rockwell, Iowa. Mwaka 1889 wakulima wa pale walianzisha ghala la ushirika. Kampuni zenye maghala kwenye njia ya reli zilijua dawa ya ushirika: pandisha bei hapo kijijini kwa msimu mmoja, wanachama wakimbilie kwako, ghala lao life, kisha rudisha bei unapotaka. Watu wa Rockwell wakaweka sharti katika katiba yao: mwanachama akiuza kwa mshindani, ruksa, lakini ailipe ghala ada yake kwa kila busheli kana kwamba nafaka imepitia humo. Kampuni zikapandisha bei, wanachama wakauza huko kwa faida, wakalipa ada, na ghala likaendelea kuishi bila kupokea nafaka. Vyama vingine vikaiga. Nawasihi mliandike sharti hilo kabla ya tofali la kwanza, maana dalali akija na shilingi 50 zaidi kwa kilo, undugu pekee hautawashika.

Kuchanganya au kutochanganya? Nikueleze nionavyo. Mkichanganya, mtapata lundo la kumvutia mnunuzi mkubwa na gharama itashuka, lakini mahindi ya mmoja yaliyovunwa mabichi yatawasha joto na kuleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi ya wote, na hapo hakuna kutenganisha tena. Mkiweka kila mtu magunia yake yenye alama, mtalala usingizi, lakini mtauza kama wauzaji 11 wadogo waliopanga chumba kimoja. Njia ya tatu ni kupeleka kwenye ghala lililosajiliwa chini ya Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mtalipa ada, na mtapata karatasi inayotambulika. Kwa msimu wa kwanza mimi ningechagua hiyo ya tatu, huku mkijifunza kupanga madaraja wenyewe. Mkiamua kuchanganya, kipima unyevu kinunuliwe kabla ya bati, na anayepima asiwe anayenunua wala mwenye hisa kubwa kuliko wengine.

Kuna mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyafanya. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, si fundi wa mtaani. Katiba na mgawanyo wa hisa mpelekeeni ofisa ushirika wa wilaya, na mkitaka kukopa benki kwa dhamana ya nafaka, muoneni mwanasheria ana kwa ana kabla mtu yeyote hajatia sahihi. Msingi na kuta za ghala la kumwaga nafaka bila magunia zinahitaji mhandisi, kwa sababu nafaka iliyolundikana inasukuma ukuta kwa nguvu kubwa. Na kama hivi sasa mna mahindi yaliyokwisha kuwekwa mahali pamoja, leo jioni ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko katikati ya magunia. Ukikuta joto au harufu ya uvundo, msingoje kikao, yatoeni mkayaanike kesho asubuhi, yenye ukungu yatengwe kabisa yasiliwe wala kulishwa mifugo, na msisage hata debe moja la lundo hilo kabla halijapimwa sumukuvu.